Boksi la kutambua madini la mwaka wa kwanza: nunua zana, mawe yaache dukani

Mwanafunzi akianza somo la jiolojia ya awali chuoni, mara nyingi huambiwa atafute boksi la kutambua madini. Yanauzwa mtandaoni na katika maduka ya vifaa vya maabara, na yote yanafanana: lenzi ya mkono, kigae cheupe cha kaure, kipande cha kioo, msumari, kipande cha shaba, sumaku, chupa ndogo ya matone, kadi ya maelekezo, na trei yenye vipande 15 hadi 20 vya mawe na madini. Zana zake zikiwa sahihi, zitakufaa hadi mwaka wa mwisho. Trei ya mawe ndiyo inayopandisha bei, na ndiyo yenye faida ndogo kuliko vyote.

Anza na lenzi, maana ndipo wanafunzi wengi wanapopigwa. Inayohitajika ni ya kukuza mara 10. Ukiona imeandikwa 30 au 60 kwa bei ya chini, usishawishike, kwa sababu namba hiyo mara nyingi haina ukweli. Ipime hivi: simama upande wa pili wa chumba, mkabala na dirisha, shika karatasi nyeupe nyuma ya lenzi, kisha sogeza lenzi mpaka sura ya dirisha itokee wazi kwenye karatasi. Pima umbali kati ya lenzi na karatasi kwa milimita, halafu gawanya 250 kwa umbali huo. Lenzi ya kweli ya mara 10 itakupa umbali wa kama milimita 25. Ukipata 50, unakuza mara 5 tu, haidhuru fremu imeandikwa nini. Tazama pia pembeni mwa sura: lenzi ya kioo kimoja huonyesha rangi za upinde na mistari iliyopinda, ile ya vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja hubaki safi hadi ukingoni. Hiyo ya vioo vitatu ndiyo ya kulipia. Na unapoitumia, iweke karibu kabisa na jicho, kisha lisogeze jiwe kuelekea lenzi mpaka liwe wazi, huku mwanga ukiangukia jiwe. Anayeshika lenzi mbali na uso kama anasoma gazeti anaona duara dogo tu, kisha anadhani lenzi ni mbovu.

Kigae cha kaure, ambacho jiwe husuguliwa juu yake ili lionyeshe rangi ya unga wake, lazima kiwe hakijapakwa rangi ya kung'aa. Baadhi ya maboksi huja na kigae laini cha bafuni, na juu yake jiwe huteleza bila kuacha unga wowote. Kipitishe kucha: kikikwaruza kidogo, ni sawa, kikiteleza, kirudishe. Kipimo hiki cha rangi ya unga kina thamani kubwa kuliko rangi ya jiwe lenyewe. Hematiti, madini ya chuma, inaweza kuwa nyeusi inayong'aa kama chuma, lakini unga wake ni mwekundu wa kahawia. Magnetiti, nayo ya chuma, hutoa unga mweusi. Kwa anayesoma akitazamia migodi ya dhahabu ya Geita, tofauti ya kujua mapema ni hii: pairiti, madini ya njano yanayofanana na dhahabu, hutoa unga mweusi wenye ukijani, dhahabu huacha mstari wa njano ya dhahabu. Kigae chenyewe kina ugumu wa karibu 6.5 hadi 7 kwenye skeli ya Mohs, inayopanga madini kutoka 1, laini kabisa, hadi 10, magumu kabisa, kwa hiyo madini magumu kama garneti au korundamu yatakikwaruza, na unga mweupe utakaouona ni wa kigae. Wengi huuandika kwenye jibu kama unga wa madini, wakakosa.

Kwa ugumu, boksi hutegemea skeli ya Mohs ya mwaka 1812: kucha 2.5, shaba 3 na kitu, msumari kama 4.5, kioo 5.5. Kioo kiweke mezani, usikishike mkononi, kwa sababu kikivunjika ukikandamiza kitakukata. Ukishakikwaruza kwa jiwe, futa kwa kidole kilicholowa. Mstari ukifutika, ulikuwa unga wa jiwe lililo laini kuliko kioo. Ukibaki na ukucha unaushika, kioo ndicho kilichokwaruzwa. Msumari nao hudanganya. Ukiupitisha juu ya kwatsi, madini magumu kuliko msumari, huacha mstari wa kijivu unaofanana na mkwaruzo, kumbe ni chuma kilichosuguka.

Kadi za maelekezo nyingi zimeandikwa kwa mwanafunzi wa Marekani na humtaka atumie senti yao kama shaba. Tangu 1982 senti hiyo ni zinki iliyofunikwa shaba nyembamba tu. Kipande cha waya mnene wa umeme, ukishamenywa plastiki, ni shaba halisi.

Chupa ya asidi huja tupu, nayo ni sawa. Mwombe mtaalamu wa maabara akujazie asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10. Huchanganywa kwa sehemu moja ya asidi kali ya asilimia 37 na sehemu tatu za maji, na asidi ndiyo humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Tone moja juu ya jiwe likichemka papo hapo, ni kalsaiti, madini ya mawe ya chokaa. Jiwe lisipochemka, likwaruze upate unga, kisha dondosha tena. Dolomaiti, madini yanayofanana na kalsaiti, huchemka ikiwa unga. Usiirudishe chupa ndani ya boksi. Mvuke wake hula msumari, hula sumaku, na hula fremu ya lenzi. Iweke wima peke yake kwenye kopo la plastiki. Miwani ya kukinga macho haimo kwenye maboksi mengi, hivyo ongeza mwenyewe kabla ya kushika asidi au nyundo.

Sasa trei ya mawe. Vipande vina sentimita 2 au 3, na katika maboksi ya bei rahisi vimesuguliwa hadi vikang'aa. Kusugua huua hasa kile unachotakiwa kukitazama. Madini ya honiblendi na ojaiti yote ni meusi na ugumu wake unakaribiana. Hutenganishwa na pembe za mpasuko, yaani pembe kati ya nyuso ambazo madini hupasukia, takriban nyuzi 56 na 124 kwa honiblendi, karibu 90 kwa ojaiti. Jiwe la mviringo halina pembe hizo. Kadhalika, jiwe la naisi lenye mistari ya upana wa sentimita, likikatwa kipande cha sentimita 2, hugeuka kuwa granaiti, isiyo na mistari, machoni pa anayejifunza. Mtihani wa vitendo huletewa mawe ya ukubwa wa ngumi, yamechakaa upande mmoja.

Kwetu Tanzania mawe hayo yapo. Chokaa ya matumbawe hupatikana pwani yote, Wazo mpaka Unguja. Granaiti ni Mwanza na Dodoma, naisi yenye garneti ni milima ya Uluguru, lava ni Arusha na Moshi, jiwe jepesi la povu ni Rungwe. Jiwe la sabuni la Kisii, Kenya, ni laini sana. Jasi, namba 2 ya Mohs, huchimbwa Makanya, Kilimanjaro. Ulanga (maika) na kwatsi utavikuta kwenye vifusi vya machimbo ya kokoto, ukiomba ruhusa kwa mwenye eneo. Chukua vipande vya sentimita 8 hadi 10, vunja upande mmoja upate uso mpya, acha upande wa pili ulivyo. Paka doa la rangi nyeupe, andika namba juu yake kwa kalamu isiyofutika, na kwenye daftari andika namba hiyohiyo pamoja na kijiji, tarehe, na kama jiwe lilikuwa kwenye mwamba wake au limeokotwa mtoni.