Fundi wa taa aliyeipanua sebule yetu ya Himbi

Sebule yetu, mtaani Himbi hapa Goma, ina ukuta mmoja wa mawe meusi ya volkeno, na kwa miaka mingi tuliiangaza kwa balbu moja tu iliyoning'inia katikati ya dari. Chumba kilionekana kidogo kuliko kilivyo, kwa kuwa jiwe jeusi hunyonya mwanga na pembe zote zilibaki na giza.

Fundi tuliyemwita hakuanza kwa kuuza balbu. Aliketi nasi jioni nzima, akauliza nani hukaa wapi, nani husoma, na macho ya mgeni hutua wapi anapoingia mlangoni. Kisha akapanga taa ndogo chini kabisa ya ukuta ule, ili mwanga upande ukiyapapasa mawe na kuonyesha kila tundu lake. Nyingine akazielekeza kwenye kuta nyeupe, maana jicho hukadiria upana wa chumba kwa mng'ao wa kuta kuliko ule wa sakafu. Balbu nyeupe za kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) alizibadilisha kwa za 2700, zenye rangi ya joto inayopumzisha usiku, akaacha nyeupe jikoni tu, panapochambuliwa sombe, yaani majani ya muhogo.

Kosa lilikuwa moja: taa ya kusomea ya mama aliiweka kulia, mkono wake ukawa unatia kivuli kwenye daftari anapoandika. Alirudi baada ya wiki mbili, akaihamishia kushoto bila malipo. Ningemwita tena bila kusita.