Mafuta ya ubuyu kwa makunyanzi ya uso: chupa ya kununua na chupa ya kuiacha mezani

Chupa ya mililita 30, mafuta ya rangi ya dhahabu, na karatasi iliyobandikwa ubavuni: "Huondoa makunyanzi. Yamejaa vitamini C." Ndivyo mafuta ya mbegu za ubuyu yanavyonadiwa. Maneno hayo yana makosa mawili, na hata hivyo mafuta yenyewe ni mazuri. Hapa tunayapima hayo kwanza, kisha liwa, mwani, nazi na mshubiri, maana mara nyingi vyote huuzwa kwa ahadi ileile ya kurudisha ujana.

Tuanze na vitamini C. Hiyo imo kwenye unga mweupe wa ubuyu, ule unaokorogwa kuwa juisi. Vitamini C huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo mbegu ikishaoshwa na kukamuliwa, vitamini imebaki kwenye unga. Kilichomo ndani ya chupa ni asidi za mafuta, hasa palmitiki, oleiki na linoleiki, pamoja na vitamini E kiasi. Ya kuangaliwa ni linoleiki. Ngozi huitumia kujenga ukuta wake wa nje, ule unaozuia maji ya mwilini yasipotee hewani.

Neno "huondoa" ndilo kosa kubwa zaidi. Uso una mistari ya namna mbili, na wauzaji huichanganya. Kuna mistari myembamba ya ukavu, inayoonekana chini ya macho na mashavuni baada ya kulala chumba chenye kiyoyozi, au msimu wa kipupwe. Hiyo iko juujuu. Kisha kuna makunyanzi yenyewe: ndita za kipaji, mikunjo ya pembeni ya macho, mfereji unaoshuka kutoka puani hadi pembe ya mdomo. Hayo yanatokana na kupungua kwa kolajeni na elastini, nyuzi zinazoishikilia ngozi kutoka chini. Mafuta ya kupaka hukaa tabaka la juu. Hayafiki kwenye nyuzi hizo kuzishona upya, yawe ya ubuyu au ya mti gani.

Kujua mstari wako ni wa aina ipi ni kazi ya usiku mmoja. Nawa uso, uache na unyevu, paka mafuta, lala. Asubuhi simama dirishani na kioo, uso umetulia bila kutabasamu. Mstari uliofifia ulikuwa wa ukavu. Uliobaki vilevile ni kunyanzi, na utaubakisha hata umalize chupa kumi.

Kwa mistari ya ukavu tunayapa mafuta ya ubuyu alama 8 kati ya 10. Kwa makunyanzi yaliyokomaa, 2, na hizo mbili ni kwa sababu ngozi yenye unyevu huakisi mwanga vizuri na mikunjo haionyeshi kivuli kikali.

Sasa namna ya kununua, na hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Mbegu ya ubuyu ni ngumu na hutoa mafuta machache. Ukikuta yanauzwa kwa bei ya mafuta ya alizeti, jiulize kuna nini ndani. Yaliyokamuliwa bila moto yana rangi ya manjano ya dhahabu na harufu hafifu ya kokwa. Yakiwa ya kahawia na yananukia kama karanga za kukaanga, mbegu zilichomwa kwanza. Hayana madhara usoni, ila joto limekula sehemu ya vitamini E. Yakiwa meupe kama maji, bila harufu hata kidogo, yamesafishwa kiwandani. Yanalainisha, lakini usiuziwe kwa bei ya mafuta ghafi.

Kipimo cha nyumbani: mimina kijiko kimoja cha chai kwenye kiglasi, weka kwenye friji (si kwenye barafu) usiku kucha. Mafuta ya ubuyu yana palmitiki ya kutosha kuyafanya yawe na ukungu na kuganda kidogo chini. Yaliyochanganywa alizeti kwa wingi hubaki maji. Yaliyochanganywa nazi huganda meupe, magumu. Lakini kipimo hiki hakimkamati aliyechanganya mafuta ya mawese, kwa sababu nayo hufanya ukungu vilevile. Huyo unamnasa kwa kudai tarehe ya kukamua na jina la mkamuaji kwenye lebo. Asiyeweza kuvitaja, mwachie chupa yake.

Usinunue chupa ya plastiki nyeupe iliyokaa juani mezani. Mwanga na joto huyaozesha mafuta, na yaliyovunda hutia ngozi muwasho. Dalili ni harufu kama ya rangi ya mafuta ya kupakia milango au ya karanga kuukuu, na ulaini unaogeuka kunata vidoleni. Chagua kioo cheusi au cha kahawia, ukishaifungua imalize ndani ya miezi sita hadi mwaka, na usiiweke bafuni kwenye mvuke.

Jingine kabla ya kupaka: usiyanywe. Mafuta ghafi ya ubuyu yana asidi za saiklopropenoidi, ambazo hazifai kunywewa kijiko kwa kijiko kama dawa.

Kupaka ni hivi. Jaribu kwanza tone moja sehemu ileile ya ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku saba. Hakuna wekundu wala muwasho? Endelea usoni. Nawa kwa maji ya vuguvugu, gusa kwa taulo mara moja tu ili ngozi ibaki na unyevu, na ndani ya dakika tatu weka matone matatu au manne kiganjani, sugua viganja, kisha bandika usoni na shingoni kwa kukandamiza. Usivute ngozi. Mafuta hayana maji; kazi yake ni kufungia maji yaliyopo. Ukiyapaka kwenye ngozi kavu unafungia ukavu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kusema "hayajanifanya kitu". Paka usiku tu. Asubuhi yakiwa chini ya krimu ya kinga ya jua, huifanya iteleze na kuacha mapengo.

Wasioyafaa wapo. Mwenye mba wa usoni, ile ngozi inayobambuka pembeni mwa pua na kwenye nyusi, asipake mafuta ya mimea ya aina hii, kwa sababu fangasi wanaohusika hula asidi za mafuta hayo hayo. Mwenye chunusi aanze na tone moja, mara mbili kwa wiki.

Mafuta ya nazi hatutayakalia sana. Kwa mikono, miguu na nywele hayana mpinzani. Kwa uso huziba vinyweleo vya watu wengi na kuleta vipele vidogo kipajini na kidevuni. Kama uso wako umeyazoea tangu utotoni bila shida, endelea. Kama unaanza leo ukiwa na ngozi ya mafuta, acha.

Liwa ni habari nyingine, na inastahili heshima kuliko inayopewa na wauzaji wa vipodozi. Mti husagwa juu ya jiwe kwa maji au marashi ya waridi mpaka utoke uji mzito wa manjano. Ukanda mzima wa bahari yetu unaijua desturi hii: Komoro wana msindzano, Bukini (Madagaska) masonjoany, kaskazini mwa Msumbiji mussiro, kila mmoja na mti wake. Wanawake wa huko hutoka nayo mchana kutwa, na hapo ndipo hekima ilipo: tabaka zito la unga wa mti juu ya ngozi hupunguza mwanga unaoingia. Liwa haiwezi kuchukua nafasi ya krimu iliyopimwa, lakini imetoka kwenye wazo sahihi kwamba uso hukingwa kabla haujaharibika.

Kama kinyago cha nyumbani, kijiko kimoja cha chai cha uji wa liwa kinatosha uso. Nunua kipande cha mti, usage mwenyewe; unga uliosagwa tayari huongezewa rangi na manukato, na manukato ndiyo yanayowasha. Osha baada ya dakika 10 hadi 15, kingo zinapoanza kukauka. Ukiiacha mpaka ipasuke usoni inanyonya unyevu wa ngozi, na utaamka na mistari zaidi ya uliyokuwa nayo. Alama 6. Singo, ile ya kusugulia yenye karafuu, ni ya mwili wa bi harusi. Karafuu na chembe zake ni kali mno kwa ngozi ya chini ya macho, kwa hiyo iishie shingoni.

Mwani wa Unguja tunaugawa mara mbili. Sabuni ya mwani ni sabuni: husafisha, kisha yote husombwa na maji, mwani wenyewe ukiwemo. Tena sabuni ya magadi makali ina pH (kipimo cha asidi na magadi) ya 9 au 10 wakati uso wenyewe uko karibu na 5, na kunawa nayo mara tatu kwa siku kunaongeza mistari ya ukavu. Jeli ya mwani ndiyo tunayoipenda. Chukua vijiko viwili vya mezani vya mwani mkavu, osha maji manne mpaka chumvi na mchanga viishe, loweka usiku kucha, kisha chemsha kwa vikombe viwili vya maji, moto mdogo, dakika 25, ukoroge, uchuje kwa kitambaa. Aina ya spinosum hutoa jeli laini inayovutika, nzuri kwa uso. Cottonii huganda kwa kukatika kama agari, na siku hizi ni adimu kwa kuwa haistahimili maji ya bahari yaliyopata joto. Paka utando mwembamba, uache ukauke. Utahisi ngozi imekazwa, na kweli huonekana nyororo kwa saa chache. Ni utando tu, ukinawa umekwenda. Kwa siku ya harusi ya ndugu inatosha kabisa. Hukaa kwenye friji siku saba. Ikibadilika harufu, mwaga. Alama 6.

Kwa mshubiri jambo ni moja: ukikata jani, lisimamishe dakika 15 mpaka maji ya njano yatoke yote. Hayo ndiyo yanayowasha, si ute wa ndani. Wengi wanaosema aloe vera inawachoma walipaka hayo maji.

Mmea mmoja una ushahidi mzuri dhidi ya makunyanzi yenyewe: babchi, mbegu za Kihindi zinazotoa kiini kiitwacho bakuchiol. Katika utafiti wa watu 44 uliochapishwa kwenye jarida la Uingereza la magonjwa ya ngozi, bakuchiol ya asilimia 0.5 iliyopakwa mara mbili kwa siku kwa wiki 12 ilipunguza makunyanzi sawa na retinoli (aina ya vitamini A ya kupaka), tena ngozi ilibambuka kidogo kuliko kwa retinoli. Ila usikimbilie mafuta ghafi au unga wa babchi. Vina psoraleni, inayoifanya ngozi iungue na kuacha mabaka meusi ikikutana na jua. Unachotaka ni krimu yenye neno "bakuchiol" na kiwango chake kwenye lebo.

Limau lina tatizo la jua hilohilo, na juu yake asidi ya pH karibu 2. Uso uliopakwa limau kisha ukatoka juani hupata madoa yanayokaa miezi. Ute wa yai hukaza kwa muda kama mwani, lakini ni yai bichi puani na mdomoni.

Na jua lenyewe? Hakuna kitu kinachozeesha uso kulishinda. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili na makunyanzi huchelewa kuonekana, lakini miali ya jua iitwayo UVA hupita kwenye kioo cha gari na kufika chini kabisa. Mwaka 2012 jarida moja la tiba la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69, aliyeendesha miaka 28: shavu la upande wa dirisha lilikuwa limekunjamana, la pili bado. Kwao dirisha la dereva ni la kushoto. Kwetu usukani uko kulia, basi madereva waangalie shavu la kulia. Huko Nambour, Australia, watu waliopaka kinga ya jua kila siku kwa miaka minne na nusu walikuwa na dalili za uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka walipojisikia. Hakuna mafuta yoyote hapo juu yanayokaribia matokeo hayo. Atakaye kinga ya madini achukue yenye zinki oksaidi, SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi, na rangi ya kahawia ili isimwache na uso wa majivu. Kipimo ni mistari miwili ya krimu, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo, na kurudia kila saa mbili ukiwa nje. Mwavuli na ushungi havihitaji kurudiwa.

Mwisho ni zile kopo zisizo na lebo kamili zinazoitwa "krimu ya asili" na kumfanya mtu ang'ae ndani ya siku tano. Hakuna mmea unaofanya hivyo kwa siku tano. Ni mkorogo: haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Zebaki hujificha kwenye lebo kwa jina la calomel, steroidi kwa clobetasol au betamethasone. Steroidi ndiyo chungu zaidi kwa anayetafuta ujana, kwa kuwa huifanya ngozi iwe nyembamba mpaka mishipa ionekane, na ngozi nyembamba hukunjamana haraka. Aliyeitumia kwa miezi asiiache ghafla peke yake, kwani uso hulipuka kwa wekundu na vipele, naye huirudia ili atulie. Amwone daktari wa ngozi, na aende na kopo lenyewe.