Skrepa kwanza, brashi baadaye: vifaa vya mkono vya kusafishia gogo na meza ya kukatia nyama

Anayefungua bucha hupiga hesabu ya visu, msumeno, mizani na friji. Gogo la kukatia hukumbukwa mwishoni, na kifaa cha kulisafishia hukumbukwa baada ya hapo, ndipo inapochukuliwa brashi yoyote ya waya iliyo karibu na mlango wa duka. Ununuzi huo wa haraka huharibu magogo mengi kuliko panga la mifupa. Hapa nimevipanga vifaa kuanzia kile ambacho ningekinunua kama ningeruhusiwa kimoja tu, hadi vile ambavyo ningeviacha rafuni hata kama vingetolewa bure.

Nimevipima kwa swali moja: kifaa kinaondoa uchafu kiasi gani kabla maji hayajamwagwa? Juu ya meza ya nyama hubaki mafuta, damu na unga wa mfupa, na vyote vitatu vinakuwa vigumu zaidi kuondoa ukianza kwa maji ya moto. Damu imejaa protini, na protini ikipata joto kali huganda na kung'ang'ania ilipo. Mafuta ya ng'ombe huyeyuka kwenye nyuzi joto kati ya 40 na 50 hivi, kwa hiyo maji ya moto huyasambaza hadi ndani ya mikwaruzo, kisha yanapoa na kuganda tena humo humo. Dawa ya klorini nayo humalizwa nguvu na mabaki ya nyama kabla haijawafikia bakteria. Ndiyo maana mpangilio wa kazi ni kukwangua pakavu, kuosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kusuuza kwa maji ya moto, na mwisho dawa. Kifaa kinachofanya vizuri hatua ile ya kwanza kimekwisha kukufanyia zaidi ya nusu ya kazi.

Kabla ya kutoa pesa, angalia unachosafisha. Gogo la mbao, meza yenye ubao wa plastiki na meza ya stenlesi havitaki kifaa kimoja. Wengi wameambiwa kwamba mbao ni chafu na plastiki ni safi, wakaishia kununua vifaa vya kukwaruza plastiki kwa nguvu zote. Mwaka 1994 Dean Cliver na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba bakteria waliowekwa juu ya mbao walinyonywa ndani ya nyuzi na ikawa vigumu kuwapata tena juu yake, ilhali plastiki iliyochanwachanwa na visu ilikuwa ngumu kuisafisha kwa mkono. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kuacha gogo likinuka. Linachosema kwa mnunuzi ni kwamba kila mkwaruzo mpya ni maficho mapya, na kifaa kinachokwaruza kuliko kinavyosafisha kinakuongezea kazi ya kesho.

Namba moja: skrepa ya chuma

Bati bapa la chuma lenye ukingo ulionyooka na mpini wa kushika vizuri. Hakuna kinachoondoa mafuta yaliyoganda na unga wa mfupa kwa haraka kama hiki, na hakihitaji hata tone la maji. Upana wa sentimita 10 hadi 15 unawatosha wengi: mwembamba zaidi ya hapo utakwangua siku nzima, mpana zaidi hautakaa sawasawa juu ya gogo lililoanza kuliwa na panga.

Ziko za aina mbili. Ya kusukuma ni bati la mstatili lenye mpini juu yake wote, unalolishika kwa kiganja. Hii ni nzuri kwa meza. Ya kuvuta ina mpini mrefu na bati lililokunjwa mbele mithili ya jembe dogo. Unaikandamiza kwa mikono miwili na kuivuta kuelekea kwako. Kwa gogo nene linalotumika kila siku, ya kuvuta ndiyo yangu, kwa sababu mgongo na mabega ndivyo vinavyofanya kazi badala ya kifundo cha mkono peke yake.

Ukiwa dukani, ijaribu. Ikandamize kwa kidole gumba katikati ya bati: ikipinda kirahisi, hiyo ni ya kupaka lipu ya rangi ukutani, iache. Weka ukingo wake juu ya kioo cha kaunta, inama uangalie kama mwanga unapenya chini. Ukiona mwanga, ukingo umepinda na utaacha mistari ya mafuta. Kisha tazama pale mpini unapokutana na bati. Mpini wa mbao uliofungwa kwa ribiti una nafasi ndogo ambamo mafuta huingia na hayatoki tena, hata ungeuchemsha. Chagua mpini wa plastiki uliomiminwa moja kwa moja juu ya chuma, au skrepa ambayo bati na mpini ni chuma kimoja. Pembe zikiwa kali sana, zipigie tupa kidogo ziwe mviringo, la sivyo zitachimba gogo kila mkono unapoteleza.

Chuma cha kaboni au stenlesi? Cha kaboni hunoleka upesi na hushika ukingo wake, lakini ukikisahau na unyevu usiku mmoja kinaamka na kutu. Stenlesi husamehe. Katika chumba ambacho sakafu haikauki, nunua stenlesi na usijisumbue.

Skrepa ina udhaifu mmoja ambao wauzaji hawautaji. Gogo likishakuwa na bonde katikati, ukingo ulionyooka hukaa juu ya kingo mbili za bonde na kuacha uchafu wa katikati ulivyo. Kuna skrepa zenye ukingo uliopinda kidogo kwa ajili ya hali hiyo, lakini mimi naona ni kuahirisha tatizo. Gogo lenye bonde linaitaka randa, nitaifikia.

Namba mbili: brashi ngumu ya plastiki

Baada ya skrepa kuna kuosha, na hapa ndipo brashi inapoingia. Brashi nyingi zimeandikwa nailoni. Nailoni ni nzuri, ila hunyonya maji na kulegea ikishalowa, ndiyo maana brashi iliyokuwa ngumu asubuhi inateleza tu juu ya meza jioni. Nywele za poliesta, ambazo mara nyingi huandikwa PBT, hubaki ngumu hata zikiwa ndani ya maji. Ukikuta zote mbili, chukua poliesta.

Chagua nywele fupi, za kama sentimita mbili na nusu, kwa kuwa ndefu hupinda badala ya kusugua. Mgongo wa brashi uwe wa plastiki. Wa mbao hunywa maji ya damu na baada ya muda mfupi huanza kupasuka pale nywele zilipochomekwa. Vuta nywele chache kwa vidole kabla ya kulipa. Zikitoka dukani, zitatoka na kwenye nyama.

Rangi si urembo. Chukua ya buluu ukiipata, kwa sababu karibu hakuna chakula chenye rangi hiyo, na unywele ukianguka kwenye nyama ya kusaga utaonekana. La muhimu zaidi, brashi ya meza isifanane kamwe na brashi ya sakafu. Watu wakiwa wamechoka jioni huokota iliyo karibu, na hakuna kiasi cha maonyo kitakachowazuia kama zote ni nyeupe.

Ongeza na brashi ndogo nyembamba kwa ajili ya chini ya ukingo wa meza, kuzunguka boliti na kwenye maungio. Huko ndiko harufu inakotoka pale ambapo juu kote kunang'aa.

Namba tatu, kwa wenye gogo la mbao tu: brashi ya waya bapa

Hii ndiyo brashi ya jadi ya wauza nyama: kipande kizito cha mbao au plastiki kilichojaa vipande bapa vya chuma cha springi, vifupi na vinene. Haifanani na brashi ya fundi wa kuchomelea, yenye nyaya za duara nyembamba kama sindano. Vile vipande bapa hukwangua kama skrepa ndogo nyingi kwa pamoja, na kwenye gogo lililotengenezwa kwa mbao zilizosimamishwa, ncha za nyuzi zikitazama juu, hung'oa mafuta yaliyojikita katikati ya nyuzi. Skrepa haiyafikii hayo.

Itumie gogo likiwa kavu au na unyevunyevu tu. Nyunyiza chumvi ya mawe ukipenda. Husaidia kusugua na kunyonya majimaji. Kulimwagia gogo ndoo za maji kisha kusugua kwa waya ni njia ya hakika ya kulifanya livimbe, likauke, lipasuke kwenye maungio.

Kwa nini basi iko ya tatu? Kwa sababu waya hukatika. Mwaka 2012 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilieleza habari za wagonjwa 6 huko Providence, Rhode Island, waliojeruhiwa baada ya kumeza vipande vya waya vilivyotoka kwenye brashi za kusafishia majiko ya kuchomea nyama. Nyaya zile zilikuwa za majiko, lakini njia ya hatari ni ile ile: kipande kinabaki juu, nyama inawekwa, hakuna anayekiona. Waya bapa nene haukatiki kirahisi kama ule mwembamba, hata hivyo ukinunua brashi hii umejifunga kwenye utaratibu wa kuikagua kila siku na kulifuta gogo kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya kusugua. Asiye tayari kwa hilo abaki na skrepa.

Usiilete karibu na plastiki wala stenlesi. Plastiki itaota manyoya. Stenlesi itaachiwa chembe za chuma cha kaboni ambazo zitashika kutu, na mwenye meza ataamini ameuziwa stenlesi bandia.

Namba nne: skrepa ya plastiki

Rahisi, nyepesi, haichani. Kwa ubao wa plastiki na meza ya stenlesi inapanda hadi namba moja, skrepa ya chuma ikishuka. Ukingo wake huliwa na kupata mapengo, kwa hiyo nunua mbili au tatu kwa pamoja na uitupe ile inayoanza kuacha mistari.

Namba tano: kisukumio cha maji cha mpira

Meza iliyooshwa na kuachwa na madimbwi ni kazi nusu, kwa maana bakteria wanaobaki wanahitaji unyevu. Kisukumio hukausha stenlesi na plastiki kwa mivuto michache. Chagua cha mpira mmoja mgumu uliomiminwa pamoja na mpini. Vile vyenye tabaka mbili za sponji nyeusi hukausha vizuri sana vikiwa vipya, lakini sponji ile hutunza maji machafu ya jana na kuyarudisha leo.

Vya kuacha rafuni

Stilwaya, hasa ile laini ya chuma cha kawaida, hukatikakatika na vipande vyake hushika kutu ndani ya mbao. Pedi ngumu za kijani zina chembe za kukwaruzia zinazopunguza mng'ao wa stenlesi na kuichana. Kama lazima, sugua kufuata mistari ya chuma. Sponji ya jikoni haina kazi kwenye meza ya nyama mbichi. Brashi ya mafundi chuma nimeshaisema.

Randa na msasa

Hivi sikuviweka kwenye orodha kwa kuwa havisafishi, vinafufua. Kanuni za chakula za FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, zinataka sehemu ya kukatia iliyochanika kiasi cha kutosafishika ichongwe upya au itupwe, na nadhani ni kipimo kizuri popote. Gogo la mbao hurandwa hadi bonde liishe, likapigwa msasa, kisha likapakwa mafuta ya madini yanayoruhusiwa kwenye chakula. Mafuta ya kupikia yasitumike, huchacha. Kama huna mkono wa useremala, mlipe seremala. Randa isiyonolewa vizuri hung'oa nyuzi za ncha vipande vipande. Kwa ubao wa plastiki zipo skrepa maalumu zenye meno magumu ya kabidi zinazomenya tabaka la juu. Zinafanya kazi, lakini mikato ikiwa mirefu utamenya hadi uchoke, na ubao mpya huwa nafuu kuliko jasho hilo.

Kuvitunza

Kifaa cha kusafishia ndicho hubeba uchafu mwingi kuliko meza yenyewe. Kila jioni kioshwe kwa sabuni, kisuuzwe, kitiwe dawa. Idara ya kilimo ya Marekani hupendekeza kijiko kikubwa kimoja cha dawa ya klorini isiyo na manukato kwa galoni moja ya maji, karibu lita 4, na kiasi hicho kinatosha meza na vifaa vyake. Brashi ya waya usiiloweke humo, klorini huila. Iondoe mafuta kwa maji ya moto na sabuni, ikung'ute, ikauke upesi. Brashi zote zitundikwe nywele zikitazama chini, kwani zikilazwa mgongo maji hushuka hadi kwenye mashina. Nywele za plastiki zikishalala pande zote, brashi hiyo ihamie kwenye kazi nyingine nje ya chumba cha nyama. Ya waya haihami popote: kipande cha kwanza kikilegea, nzima inatupwa siku hiyo hiyo.