Maswali 20 ya Gamblers Anonymous: nimekaa nayo na mdogo wangu, nayapa nyota 4 kati ya 5

Mdogo wangu ni bodaboda, mikeka ya kubeti alianza kama wenzake wote wa kijiweni, jero jero tu. Mi nimekuja kushtuka pikipiki ya mkataba wameshaichukua, simu kauza, na kuna mama wa mikopo ya kausha damu anagonga mlango kila jioni. Nikalipa, laki nne na nusu, hela yangu ya vikoba. Wiki mbili hazijaisha ana deni jingine, maana alishajua dada yupo.

Ndo nikakutana na haya maswali. Ni ya Gamblers Anonymous, watu waliokuwa wacheza kamari wenyewe wakaamua kusaidiana kuacha, walianzia Los Angeles mwaka 1957, na kujiunga hulipi kitu. Maswali unayasoma bure kwenye simu, unajibu ndiyo au hapana, na wanasema wengi wenye tatizo wanafikisha ndiyo 7 kwenda juu.

Nilichokipenda, hakuna sehemu wanauliza umeliwa shilingi ngapi. Mi miaka yote nilikuwa nauliza hilo hilo na nadanganywa. Haya yanauliza ukiliwa unasikia lazima urudi haraka ukakomboe? umewahi kubeti ili upate hela ya kulipa deni? usingizi unapata? mkigombana unakimbilia kubeti? Akawa anajibu ndiyo ndiyo harakaharaka mpaka tulipofika la 12, kama unaona uchungu kuitoa hela ya kubeti kwa matumizi ya kawaida, hapo akanyamaza. Akasema dada, ile siku mtoto karudishwa nyumbani kwa hela ya mtihani nilikuwa na elfu kumi na tano mfukoni, nikasema sina. Kwakweli tulilia wote. Alifikisha 16.

La 20 linauliza kama umewahi kufikiria kujiua. Jamani msiliruke hata kama linatisha kulitamka, na akisema ndiyo msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo na mumwambie daktari ukweli wote wa kamari, msione aibu, Shirika la Afya Duniani lenyewe limeuweka uraibu huu kwenye orodha ya magonjwa, sio uhuni.

Nyota moja nimeikata kwasababu mi niliyapata kwa Kiingereza, nikakaa usiku mzima natafsiri, halafu unaona kabisa yametungwa enzi za kasino, kuna moja linasema ulicheza mpaka dola ya mwisho, simu haitajwi kabisa wakati vijana wetu kasino iko chini ya shuka saa nane usiku. Nikaongeza yangu mawili: umewahi kukopa kwenye simu ukaweka mzigo hapohapo? salio la kwenye akaunti ya kubeti kuna mtu nyumbani analijua?

Na yanakuonyesha tu ulipofika, kutibu hayatibu. Familia nao wana kundi lao linaitwa Gam-Anon, mi nilichochukua kwa hawa watu ni kuacha kumlipia madeni, tumekaa na yule mama akakubali alipwe kidogokidogo na mdogo wangu mwenyewe.

Sahivi ni mwezi wa tano tangu tukae na haya maswali, anaendesha pikipiki ya mtu, laini yake ya hela ninayo mimi, asubuhi nampa ya mafuta. Juzi kaniomba ile karatasi niliyotafsiri, kuna mwenzake kijiweni anataka akampe.