Sanduku la kikoba la kufuli tatu: lipi linunuliwe, na linafeli wapi

Ukipita kwa mafundi wa bati, Gerezani jijini Dar es Salaam au popote penye milio ya nyundo, utayaona yamepangwa nje: masanduku ya bluu au ya kijani, kila moja lina masikio matatu ya kufuli upande wa mbele. Hayo ni ya vikoba, vikundi vya watu wanaoweka akiba na kukopeshana. Huuzwa matupu au kwa seti: sanduku, kufuli tatu, vitabu vya wanachama, muhuri, pedi ya wino, mabakuli mawili ya plastiki, mifuko miwili ya kitambaa, kalkuleta, rula na kalamu za rangi mbili. Hapa tunapima seti nzima, maana vitu vidogo vya ndani ndivyo vinavyoamua kama kikundi kitafika mwisho wa mwaka.

Hukumu kwanza: ni kifaa bora kuliko sura yake, na vikundi vingi hukinunua vibaya.

Wanaolidharau husema mwizi mwenye tindo atalifungua, na mwenye kifua atalibeba begani. Ni kweli, lakini adui mkubwa wa kikoba ni muhali. Mwenyekiti ni shemeji yako, mweka hazina ndiye aliyekulelea mtoto ulipolazwa. Akija jioni akakwambia, "Dada, nichotee laki moja kwenye ile ya kikundi, Jumatatu narudisha," mdomo unakuwa mzito. Kufuli tatu zinakukatalia kwa niaba yako: funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti, sanduku liko kwa mtu wa nne asiye na ufunguo wowote, na linafunguliwa mbele ya kikao tu. Mtu asiyeweza kufungua peke yake haombwi. Vikundi vya namna hii vilianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na akina mama wa vijijini.

Tuanze na bati. Fundi akikupa bei ya kutupa, bonyeza kifuniko kwa kidole gumba. Kikibonyea na kurudi kwa mlio, hilo ni bati la kuezekea, geji 28 au 30, halifiki hata nusu milimita. Agiza geji 18, yenye unene wa milimita 1.2 hivi. Kisha geuza sanduku uangalie bawaba. Bawaba za nje zilizopigwa ribiti hung'olewa kwa bisibisi, kifuniko kikafunguka kwa nyuma huku kufuli zote tatu zimefungwa vizuri kwa mbele. Dai bawaba zilizochomelewa, na masikio ya kufuli nayo yachomelewe. Nenda na mabakuli yako na vitabu vyako, uvipange ndani kabla ya kulipa, maana masanduku mengi ya dukani ni membamba kiasi kwamba mabakuli yanabaki nje, na bakuli lililobaki nje siku ya tatu limeshageuka la kunawia mikono.

Kosa la gharama zaidi liko kwenye kufuli. Watu hununua kufuli tatu za aina moja kutoka boksi moja. Kufuli za bei ya chini hutengenezwa kwa michongo michache ya meno, kwa hiyo si ajabu ufunguo wa moja ukafungua nyingine. Hapo mna kufuli moja yenye sura tatu, na anayejua ni yule mmoja aliyejaribu. Dukani, jaribu kila ufunguo kwenye kila kufuli. Afadhali ununue chapa tatu tofauti, hata kama sanduku litaonekana halina mpangilio.

Sasa kitabu, ambacho ndicho moyo wa seti. Kila mstari ni kikao kimoja, na kila mstari una visanduku vitano. Mwanachama hununua hisa moja hadi tano kwa kikao, na kila hisa inapigwa muhuri mmoja. Tuseme hisa ni shilingi 2,000. Mwanachama namba 7 anaitwa, anaweka 6,000 kwenye bakuli, wahesabu fedha wawili wanazihesabu kwa sauti, katibu anapiga mihuri mitatu. Visanduku viwili vilivyobaki vinachorwa mstari hapo hapo, kwa kalamu na rula. Mstari huo ukirukwa, wiki ya thelathini mtu mwenye muhuri anaweza kujiongezea hisa za wiki ya nne, na hakuna jicho litakalogundua. Ukitaka kujua kikundi kina afya gani, usiulize kina shilingi ngapi. Fungua kitabu chochote uone kama visanduku vitupu vimechorwa.

Muhuri wa nyota au wa tiki usiukubali, unauzwa kila duka la vifaa vya ofisi. Chongesha wenye umbo la peke yake: jogoo, nanasi, samaki aliyepinda mkia. Wino nao ujaribiwe. Piga muhuri, subiri ukauke, pitisha kidole chenye maji. Ukichafuka, utachafuka pia kwa jasho la mikono ya mwaka mzima. Na hesabu mistari ya kitabu: kikundi cha kila wiki kinahitaji 52. Vitabu vyenye mistari pungufu vinalazimisha kuhamishia jumla kwenye kitabu cha pili katikati ya mwaka, na mahali pa kuhamishia jumla ndipo 64 hugeuka 94. Vitabu vyote hulala ndani ya sanduku. Mwanachama hachukui chake nyumbani, hata akiomba kwa upole.

Kabla ya kufunga, fedha zinahesabiwa tena na jumla ya kila mfuko inatangazwa, ule wa mikopo na ule wa jamii, yaani wa kusaidiana. Kila mtu anaiweka kichwani. Kikao kijacho kinaanza kwa kuulizana: tuliacha shilingi ngapi? Asiyejua kusoma anajibu sawa na mwalimu mstaafu. Baadhi ya wakufunzi wanaiona hatua hii ya kitoto na kuiruka, wakati ndiyo leja isiyofutika kwa raba.

Hesabu ya kugawana fedha mwisho wa mwaka ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Wanachama 25, wastani wa hisa tatu kwa kikao, vikao 48: hisa 3,600, sawa na shilingi 7,200,000. Tuseme riba na faini zimeleta 1,440,000. Jumla 8,640,000 gawanya kwa 3,600, kila hisa imekuwa 2,400. Mwenye hisa 144 aliweka 288,000 na anaondoka na 345,600. Hesabu ikiacha chenji isiyogawanyika, ishushwe, masalio yaingie mfuko wa jamii wa mwaka unaofuata. Msikae hadi saa mbili usiku kwa sababu ya sarafu.

Ila hiyo 1,440,000 imetoka wapi? Imetoka kwa wakopaji wa humo humo. Kanuni ya kawaida ni kukopa hadi mara tatu ya hisa zako, kwa miezi mitatu. Mama ntilie mwenye hisa za 60,000 anachukua 180,000. Kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, analipa 27,000 kwa miezi yote mitatu. Vikundi vinavyotoza asilimia 10 vinamchukulia 54,000, kisha Desemba vinajisifu kwa faida nono. Bado ni nafuu kuliko kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, na angalau riba inabaki mtaani, lakini mwanachama asiyekopa kamwe anavuna kwa jirani anayekopa kila mara, na jirani huyo siku moja atachoka. Asilimia 5 inatosha.

Mikopo isianze kabla ya wiki ya 12 hivi, kwa sababu mwanzoni sanduku ni jepesi na wawili wakikopa, wa tatu anaambiwa arudi. Isimamishwe miezi mitatu kabla ya kugawana ili fedha zote ziwe zimerudi. Anayedaiwa siku ya kugawana anakatwa kwenye hisa zake, na deni halihamishiwi mwaka mpya. Hapa ndipo muhali unaporudi kwa mlango wa nyuma: "Mwacheni, ana msiba." Msiba una mfuko wake.

Mfuko wa jamii unakaa kwenye kitambaa cha pili, haukopeshwi kwa riba na haugawanywi kwa hisa. Unatoa kiasi kilichoandikwa tangu mwanzo kwa ugonjwa, uzazi na msiba. Katiba ya kikundi iorodheshe msiba wa nani, kwa maneno makavu: mwenza, mtoto wa kuzaa, mama mzazi, baba mzazi. Ukiandika "mama" peke yake umekwisha, kwa sababu kwetu mama mdogo ni mama, mama mkubwa ni mama, na aliyekunyonyesha wiki mbili ni mama pia. Mfuko utazika mama saba wa mtu mmoja kabla ya Juni, na hakuna atakayethubutu kuuliza msibani.

Tukija kwenye siasa. Neno kujitegemea limechoka kwa hotuba tangu Azimio la Arusha la 1967. Sanduku lina tafsiri yake nyembamba: kila shilingi ya ndani ina mwenyewe, ana namba, na mihuri yake inahesabika. Fedha ya mgeni inaharibu hesabu hiyo. Mgombea akija mwaka wa uchaguzi na bahasha, shilingi zake hazina kitabu, na fedha isiyo na kitabu ndiyo inayokopwa kwanza na kurudishwa mwisho. Dawa ni hii: bahasha ifunguliwe kwenye bakuli mbele yake, ihesabiwe kwa sauti, iandikwe kama mchango kwa mfuko wa jamii, asipewe kitabu. Ahadi haipigwi muhuri. Na isiwe sababu ya wanachama kuhesabiwa kwenye mkutano wake.

Mikopo ya halmashauri ni suala jingine, nayo haina ubaya wowote ikishikwa vizuri. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisitishwa 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha udhaifu, ikarejeshwa 2024. Kikundi lazima kisajiliwe. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikoba viko daraja la nne, na pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii. Kisajili hata kama hutaki mkopo. Ukiupata, weka mfuko wa tatu na daftari lake. Usiuchanganye na hisa hata kwa siku moja. Seti za dukani zina mifuko miwili tu, kwa hiyo nunua kitambaa ushone. Kikundi kilichoundwa kwa ajili ya mkopo huo pekee utakitambua haraka: vitabu vyake ni vipya na sanduku halina mkwaruzo.

Vipi kikoba cha simu, kama M-Koba ya Vodacom iliyoanza 2019? Fedha hazilali nyumbani kwa mtu, na kila mwanachama anapata ujumbe fedha inapoingia na kutoka. Kwa kikundi ambacho nusu wako Mwanza na nusu Dar, hakuna ubishi, chukueni. Lakini makato yanapanda na kushuka kwa amri ya wengine, na waliopitia tozo za miamala za 2021 hawahitaji kuelezwa. Tena namba ya siri ya mama mara nyingi anayo mwanawe. Kubwa zaidi, kikao hufa. Watu wakiacha kukaa duara wanaacha kujua nani anaumwa, nani kafukuzwa kwenye nyumba ya kupanga, na hapo mfuko wa jamii unakuwa jina tu. Mpango wenye akili ni kuchanganya: sanduku kwa vikao, na fedha zikizidi kiasi mlichokubaliana, zipelekwe benki au kwenye simu kwa idhini ya watatu.

Siku ya hatari ni ya kugawana, kwa sababu ndipo sanduku linapokuwa zito kuliko siku zote na mtaa mzima unajua ni wiki ya kabla ya Krismasi. Sogezeni iwe wiki ya kwanza ya Januari, sare na madaftari vikiwa vinadaiwa, na tarehe msiitangaze nje ya kikao.

Limebaki moja ambalo seti haikwambii. Kila kufuli huja na funguo mbili au tatu, na za ziada watu huzitia kwenye droo ya mweka hazina, wakawa wamempa kufuli zote tatu bila kujua. Funguo za ziada za kila kufuli zitiwe bahasha moja, wanachama watatu watie sahihi juu ya gundi, bahasha tatu ziende kwa watu watatu wasio wanachama na wasiokaa nyumba moja. Ukipotea ufunguo, bahasha ifunguliwe kikaoni, na wiki hiyo hiyo kufuli ile ibadilishwe.