Chekapu ya laki na nusu, ini lina mafuta, na moyo hakuna aliyeuongelea

Mwezi wa pili nilijilipua nikaenda kufanya chekapu ya mwili mzima kwenye kliniki moja binafsi hapa Dar, jina naliacha. Kwa upande wa vipimo sina neno kabisa, unaenda asubuhi hujala kitu wanachukua damu, unapigwa altrasaundi ya tumbo, kipimo cha umeme wa moyo, saa nne uko nje na bahasha yako.

Shida ni majibu. Dokta kasema ini lina mafuta, fati liva, "wengi wanayo, punguza chipsi", dakika tatu hazijaisha kaita mwingine. Na mimi pombe situmii, halafu ALT ambayo ndo kipimo cha ini cha damu ilikuwa kawaida, nikajua niko fiti.

Wiki mbili baadae kichwa kikawa kinagonga, nikaenda hospitali nyingine na bahasha ileile. Yule mama daktari akazitandaza karatasi zote mezani kwa pamoja, trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) 2.9 wakati inatakiwa chini ya 1.7, kolesteroli nzuri 0.9 tu, iko chini, akanipima presha 142/90, akazungusha futi kiunoni ikasoma sentimita 108 (aibu jamani). Akasema mwanangu, hawa wote baba mmoja mama mmoja. Ini likijaa mafuta linaimwagia damu trigliseridi, insulini, ile homoni ya kushusha sukari, inagoma kufanya kazi, mwili unakaa na uvimbe wa chinichini na mishipa inayolisha moyo inaanza kujijenga utando. Kilichoniacha mdomo wazi, wenye fati liva kinachowaua zaidi ni moyo na mishipa, kuliko hata ini lenyewe! Na ALT inaweza kuwa kawaida na mafuta yapo.

Kaniandikia statini, dawa ya kushusha kolesteroli, nikamwambia si itaniharibia ini, akacheka, kumbe wenye fati liva wanaitumia tu. Kutoka kilo 94 anataka nipungue asilimia 7 hadi 10. Sasa hivi niko 89, soda nimeacha, daladala nashuka vituo viwili kabla, ugali ndo bado tunagombana.

Kliniki naipa nyota 3 kati ya 5, zote za maabara. Niliwapigia kuuliza mbona hawakuniambia habari ya moyo, dada wa mapokezi akajibu kwa upole kabisa kwamba maelezo ya majibu hayamo kwenye kifurushi, kumuona daktari ni elfu 30 nyingine.