Kununua Patasi Lamu: Ipi Itangulie, Ipi Isubiri

Apitaye Usita wa Mui asubuhi, akitoka Langoni kuelekea Mkomani, huisikia nyundo ya mti ikigonga mpini wa patasi kabla hajaiona karakana yenyewe. Sauti hiyo ndiyo iliyotuponza wengi wetu tusiokula kwa useremala: walimu, makarani na wenye maduka, ambao jioni hujitenga uani kutengeneza rafu, kiti kifupi au mbuzi ya kukunia nazi, na ambao mapenzi yao ya vifaa hushinda mara nyingi ustadi wao wa kuvitumia. Mwongozo huu nimewaandikia hao. Nimechagua patasi kwa sababu ndicho kifaa ambacho mpenda useremala hukinunua mapema, hukinunua mara nyingi na, nikijipima mwenyewe, hukikosea kuliko vyote.

Kabla ya kupanga daraja, yafaa kujua kinachotafutwa. Patasi ya kawaida, yenye bapa nyembamba na kingo zilizokatwa mshazari, ndiyo ya kazi nyingi. Juba ni nene na hutumika kuchimba matundu ya kuungia mbao, kwa hiyo hustahimili kugongwa na kutumiwa kama wenzo. Bobari lina makali ya mviringo na ndilo la mchonga nakshi. Mtu anayeanza hahitaji zaidi ya patasi nne za kawaida: ya robo inchi, ya nusu inchi, ya robo tatu na ya inchi moja, ambazo kwa vipimo vingine ni takriban milimita 6, 12, 19 na 25. Kama fedha ni ya moja tu, achukue ya nusu inchi, kisha ya inchi moja ifuate.

Mti wetu nao una neno lake katika uchaguzi huu. Mvule, uliochongwa milango mingi ya pwani, huficha ndani yake vijiwe vya chokaa ambavyo hung'oa makali ghafla pale ambapo mbao ilionekana laini. Msaji una chembe za silika zinazofanya kazi kama msasa mbele ya patasi. Bambakofi ni mgumu tu, bila hila. Patasi inayokaa na makali juu ya mbao laini ya misonobari kutoka bara yaweza kukunjika mdomo siku ya kwanza kwenye kipande cha mvule cha mlango wa zamani, na hapo ndipo tofauti ya chuma hujitokeza, wala haifichiki kwa rangi ya mpini.

Kwa mpangilio wangu, patasi kuukuu iliyokaguliwa vyema ndiyo ya kwanza. Mpya iliyonunuliwa moja moja, ya feleji ya kuaminika, ni ya pili. Ya kufuliwa na mhunzi ni ya tatu, ingawa kwa juba na bobari huruka ikawa ya kwanza. Na seti ya kisanduku cha plastiki ni ya mwisho. Sababu hazilingani kwa urefu, kwa hiyo nitakaa zaidi pale penye mengi.

Patasi kuukuu hupatikana kwa njia ya kuulizauliza kuliko kwa njia ya dukani. Fundi huzeeka, mikono hutetemeka, watoto wake huenda kufanya kazi Mombasa, na sanduku hubaki chini ya kitanda. Mwenye kulitaka aende kwa adabu, akae, anywe kahawa, na asitaje bei kabla ya mwenyewe. Mimi nilipomuuliza mzee mmoja, "Ami, hizi patasi unaziuza?" alinijibu kwa swali: "Wataka kuzitumia au wataka kuzipanga?" Nilimwambia yote mawili, akacheka, akanipa mbili kati ya tisa. Nilirudi mwezi wa pili nikiwa na kibao nilichokichonga kwa hizo mbili, ndipo akaniuzia ya tatu.

Katika masanduku ya namna hiyo hutokea vyuma vya Kiingereza vya enzi ya ukoloni, na baadhi yake vimepigwa chapa ya Sheffield, mji uliosifika kwa visu na patasi. Ukiona maneno CAST STEEL, usidhani ni chuma cha kumimina kwenye kalibu kama sufuria. Ni chuma kilichoyeyushwa ndani ya chungu cha udongo, njia iliyoanzishwa na Benjamin Huntsman huko Sheffield katika miaka ya 1740, nacho hushika makali membamba sana na hunolewa bila taabu. Chapa ya William Marples, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1828, nayo ni dalili njema, ila chapa peke yake haitoshi, kwa sababu chuma kizuri nacho huharibiwa na mkono mbaya.

Ukaguzi wake ni huu. Geuza patasi uutazame mgongo, yaani ule upande ulionyooka, karibu na makali. Kutu ya juujuu hainitishi. Inayonitisha ni iliyokwisha kuchimba vishimo mgongoni, kwa kuwa makali ni mahali ambapo mgongo na mshazari, yaani ule upande ulioinama unaonolewa, hukutana, na kila kishimo kitakachofikiwa na kinoo kitakuwa pengo. Vishimo vilivyo upande wa juu wa bapa haviharibu kitu. Kisha weka rula juu ya mgongo uangalie mwanga: mgongo ulioinuka katikati utakugharimu siku nzima ya kusugua, na uliobonyea kidogo ni neema. Tafuta madoa ya buluu karibu na makali, kwani hayo huonyesha kwamba mtu aliinoa kwenye mashine ya umeme hadi chuma kikapata joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi na kupoteza ugumu wake. Doa likiwa dogo waweza kulinoa hadi liishe, likiwa refu iache. Mwisho, kwa ruhusa ya mwenyewe, pitisha tupa polepole kwenye kona ya bapa. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikiuma kwa urahisi kama inavyouma msumari, asante, endelea na kahawa yako.

Mpini uliopasuka usikuvunje moyo, bali ukupunguzie bei. Mpini mpya hutengenezwa kwa jioni moja, na kama noleo, ile pete inayoubana mpini usipasuke, limepotea, kipande cha bomba la shaba hufaa badala yake. Kinachopaswa kuwa kizima ni msuka unaoingia ndani ya mpini. Msuka uliopinda hunyooka. Ulioliwa na kutu hadi shingoni hauna dawa.

Patasi mpya ya moja moja naiweka ya pili kwa sababu haina ubishi: unajua unachokilipia, na kama duka lina uaminifu utarudisha yenye kasoro. Chapa zenye kuheshimika, kama Stanley, Irwin Marples au Narex ya Ucheki, huuzwa pia kwa kipande, ingawa mtu wa Lamu mara nyingi humtuma msafiri Mombasa au Malindi na kuingoja ije kwa barabara hadi Mokowe, halafu kwa mashua. Aliyeagizwa aambiwe kwa maandishi ukubwa na jina, la sivyo atakuletea ya mpini mzuri. Mpya nayo haiji ikiwa tayari. Mgongo wake hubeba mikwaruzo ya kiwandani ambayo lazima isawazishwe, angalau kwa upana wa vidole viwili kutoka kwenye makali, na mshazari wake, uliokatwa kwa nyuzi 25, huongezewa ukingo mwembamba wa nyuzi 30 ili usivunjike. Kwa mvule mimi hufika 32 au zaidi.

Kazi ya mhunzi ina sifa ambayo duka halina: inakuja kwa umbo unalolitaka. Mchonga nakshi anayehitaji bobari lenye mviringo wa ukucha wa kidole cha mwisho hatalipata katika boksi lolote, lakini mhunzi atalifua akiwa anautazama mchoro. Malighafi yake ni springi za lori, ambazo kisiwani kwetu, palipo na punda wengi na magari ya kuhesabika, hulazimu kuvushwa kutoka bara. Chuma cha springi kina kaboni ya takriban asilimia 0.6, huvumilia kipigo kuliko feleji ya patasi, ila makali yake hulegea mapema. Ndiyo maana nimesema kinafaa juba, ambalo hugongwa, kuliko patasi ya kukwangua. Wengine hufua kutoka kwa tupa iliyokufa, ambayo kaboni yake hupita asilimia 1 na makali yake ni ya ajabu, lakini tupa isipolegezwa kwa joto baada ya kupozwa huvunjika kama kigae. Muulize mhunzi swali moja tu: je, baada ya kukizamisha chuma, amekirudisha motoni hadi kikapata rangi ya majani makavu? Rangi hiyo ya manjano hutokea kwenye nyuzi kama 220 hadi 230, na mhunzi ajuaye kazi atakujibu kabla hujamaliza swali.

Kuhusu seti ya vipande kumi katika kisanduku, nitasema machache. Niliinunua. Vipande sita sikuwahi kuvigusa, na vinne nilivyovigusa vilikunja mdomo kwenye bambakofi kabla ya adhuhuri. Mwenye kutaka za kufungulia makopo ya rangi na kukwangulia chokaa, seti hiyo inamtosha, na kwa kazi hiyo naisifu.

Siku ya kununua patasi ndiyo siku ya kununua kinoo, kwa sababu hakuna patasi inayouzwa ikiwa kali, hata ile ghali. Jiwe la pande mbili, mmoja wa kukwaruza na mmoja laini, latosha kuanzia. Bamba la almasi ni bora kwa kuwa halichimbiki katikati, na bei yake huonyesha hivyo. Asiye na fedha abandike msasa wa maji wa namba 400, 800 na 2000 juu ya kipande cha kioo kinene, naye atapata makali ya kunyolea nywele za mkono, ingawa msasa utamgharimu zaidi baada ya mwaka. Maji yawe baridi na ya kunywa, si ya bahari. Nimemwona mtu akinoa ufukweni na kushangaa asubuhi yake.

Hapa ndipo tunafika kwa adui wetu hasa. Chumvi ya hewani huliona bapa tupu ndani ya usiku mmoja, hasa wakati wa masika kuanzia Aprili, upepo wa kusi unapokuja na unyevu wake. Kwa hiyo anayenunua patasi Lamu hununua pia mahali pa kuiweka, na katika hilo nimejaribu manne. Sanduku la bati nililipenda kwa macho, lakini usiku hupoa, jasho hutanda ndani, na nilikuta patasi zangu zimevaa kutu ya rangi ya hina. Ala ya ngozi ni mbaya zaidi kwa kuhifadhia, hata iwe ngozi nzuri ya Siyu, maana ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia penye makali. Turubai ya kukunja yenye mifuko ni njema kwa safari. Kwa nyumbani, hakuna kinachoushinda ubao wa ukutani wenye matundu, uliowekwa mbali na dirisha la baharini, ambapo kila patasi inaning'inia peke yake na hewa inapita.

Mafuta ya cherehani, tone moja kwa kitambaa, yanatosha kila baada ya kutumia. Ya nazi hufanya kazi kwa wiki chache kisha huganda na kunuka. Patasi iliyokwisha kushika kutu ilazwe katika siki usiku kucha, isuguliwe kwa brashi, isuuzwe kwa maji yenye magadi ili ukali wa siki ufe, ikaushwe juani na kupakwa mafuta saa ileile.

Ubao huo una raha yake, na sioni haya kuikiri. Nilitoboa matundu saba nilipokuwa na patasi tatu, nikaandika kipimo chini ya kila tundu kwa penseli, na tangu hapo sijanunua kitu kisichokuwa na nafasi yake pale. Kila Ijumaa baada ya chai huzishusha moja moja, nikazifuta, nikajaribu makali kwenye ukucha, na ile isiyonolewa wiki mbili mfululizo kwa sababu haikutumika huhamia kwa kijana wa jirani. Mbili zimekwenda hivyo. Sita zipo sasa: tatu za yule mzee, mbili za dukani na juba moja la mhunzi. Tundu la saba ni la bobari dogo la kuchonga maua ya mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, na springi yake iko Mokowe, inamngoja nahodha asiyeogopa uzito.